Benki yamwambia hana kazi, naye yuko kazini

Saa kumi na moja alfajiri, Verlene Lavergne anashika pembe mbili za shuka lililolowa, Thuy Dang anashika pembe mbili nyingine, na kwa pamoja wanalitia kwenye mashine ya pasi yenye upana wa chumba cha kulala. Shuka linamezwa likiwa limejikunja, linatokea upande wa pili limenyooka, lina mvuke. Kabla halijamaliza kutoka, jingine limeshaingia.

Hawasemezani. Mashine inanguruma na chumba hiki, chini kabisa ya hoteli ya kamari iliyo kando ya ziwa mjini Lake Charles, hakina dirisha hata moja. Juu yao wageni bado wamelala, wengine ndio kwanza wanapanda vitandani wakiwa wamekwishapoteza walichokuja nacho.

Simu ya Verlene iko kabatini, imefungiwa. Ndiyo sheria ya hapa. Miaka kadhaa iliyopita simu ya mtu ilizunguka na taulo ndani ya mashine ya kufulia mpaka ikapasua kioo cha mlango, na tangu hapo hakuna anayeingia nayo.

Sheria hiyo haikuwahi kumsumbua mpaka alipoamua kununua nyumba kwa mkopo. Tangu hapo, kila mtu mwenye neno muhimu la kumwambia alikuwa na desturi moja: kumpigia saa ambayo yeye ana shuka mkononi.

"Hawa watu hawaandiki, wanapiga," anasema wakati wa mapumziko, akipuliza kahawa yake. "Usipopokea wanaacha ujumbe kwamba ni jambo la haraka. Ukiwapigia wewe, wako kwenye chakula cha mchana. Sijui wanakula nini siku nzima."

Verlene ana umri wa miaka arobaini na tisa, na kumi na mmoja kati ya hiyo ameimalizia mbele ya mashine hii. Analipwa dola kumi na sita kwa saa. Hakuwahi kuolewa, na anaishi na mama yake, Eunola, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Nola.

Tangu kimbunga kikubwa kilipoezua nyumba waliyokuwa wamepanga, mama na binti wamehama mara tano. Walikaa sebuleni kwa kaka yake Verlene, wakakaa kwenye nyumba ya magurudumu iliyotolewa na serikali, kisha kwenye fleti mbili ambazo wenye nyumba waliziuza wao wakiwa bado wamo ndani. Mwenye nyumba ya tano aliwapa taarifa baada ya Krismasi: anataka chumba chake arudishiwe, kwa kuwa mafundi wanaokuja kujenga kwenye mitambo ya gesi wanalipa kwa wiki, na wanalipa zaidi.

"Mimi sichoki kuhama," anasema Mama Nola, mwenye miaka sabini na minne. "Ninachochoka ni kuamka usiku nisijue choo kiko upande gani."

Ndipo Verlene alipokwenda kwa dalali, mwanamke mmoja mchangamfu anayeitwa Renella Trahan, na ndani ya wiki chache wakapata nyumba ya mbao yenye vyumba vitatu, kusini mwa reli. Mwenyewe ni Hollis Authement, mgane wa miaka themanini na mmoja, fundi mitambo wa meli za kukokota mizigo aliyestaafu, ambaye alikuwa anahamia Lafayette kwa binti yake. Bei ilikuwa dola 148,000. Verlene alikuwa ameweka akiba ya kianzio, sehemu ya bei ambayo mnunuzi hutanguliza mwenyewe, kwa miaka sita.

Watu walikuwa wamemwonya kwamba kuipata nyumba ni kazi. Hakuna aliyemwambia habari za majuma yale yanayokaa katikati, baada ya kukubaliwa na kabla ya kuketi mezani kutia saini na kupewa ufunguo.

Ofisa mikopo wa benki alikuwa kijana mmoja mwenye sauti nzuri, Garrett Sonnier. Alitaka hati za mshahara za miezi miwili. Alipoletewa, mwezi mwingine ukawa umeingia, akataka na ya mwezi huo. Alitaka maelezo ya dola mia tatu na arobaini zilizoingia kwenye akaunti mwezi Januari. Verlene akaandika kwamba aliuza friji la kugandishia nyama. Garrett akauliza kama kuna risiti ya friji.

Kaka yake Verlene alimsaidia dola elfu tatu. Benki ikataka kaka huyo aape kwa maandishi kwamba ametoa zawadi, hakukopesha. Kaka akaona ametukanwa. Alikaa siku nne hapokei simu ya dada yake, akisema kwamba hajawahi kumdai ndugu yake hata kiberiti, iweje leo aapishwe mbele ya watu wa benki kama mwizi wa kuku. Mama Nola ndiye aliyekwenda kumtoa kwenye hasira hiyo, akarudi na saini.

Bima ilikuwa shughuli nyingine. Anayeishi huku pwani hahitaji kuelezwa. Kampuni mbili zilikataa kwa sababu ya kimbunga, ya tatu ikakubali, kisha ikataka picha za paa, kisha picha hizohizo zikiwa kubwa zaidi, kisha ikakubali tena kwa bei iliyomfanya Verlene aketi chini kwenye ngazi ya kibarazani.

Juu ya hayo yote kulikuwa na makatazo. Asinunue kochi kwa mkopo. Asimdhamini mtu. Asihamishe hela kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Na kubwa kuliko yote, Garrett alilisema mara tatu, asibadilishe kazi.

"Nilimcheka," anasema Verlene. "Nikamwambia, kijana, mimi nina miaka kumi na mmoja kwenye mashine moja. Nikibadilisha niende wapi?"

Siku ya kutia saini ikapangwa Ijumaa ya mwisho ya Machi. Jumatatu ya wiki hiyohiyo, wafanyakazi wa chumba cha kufulia waliitwa, wakapewa donati na fulana mpya. Za zamani zilikuwa za bluu, hizi zilikuwa za kijani. Mtu mpole aitwaye Lonnie Prejean akajitambulisha kuwa ndiye msimamizi wao mpya. Hoteli imeamua kukabidhi kazi ya ufuaji kwa kampuni ya Houston, akasema, lakini hakuna kitakachobadilika: mshahara uleule, zamu zilezile, mashine zilezile.

Thuy aliivaa fulana yake akasema rangi ile inamfanya afanane na tango la kwenye chupa ya siki. Wakacheka, wakarudi kazini. Hakuna aliyeiwazia benki, hata Verlene mwenyewe.

Jumatano, alipofungua kabati saa ya chakula, alikuta amepigiwa simu saba.

Kumbe benki, kama ilivyo kawaida yao kabla ya kutoa hela, ilikuwa imepiga hotelini kuhakikisha mteja wao bado ana kazi. Na ofisa wa hoteli, akisoma kwenye kompyuta yake, alikuwa amejibu kwamba Verlene Lavergne si mfanyakazi wao tena tangu Jumapili.

Alipompata Garrett, sauti ile nzuri ilikuwa imepoa. Alisema anasikitika, lakini kwa hali ilivyo, mwombaji hana ajira, na faili limesimamishwa. Verlene alimjibu kwamba anaongea naye akiwa amevaa sare ya kazi, mkono mmoja una mkate na mwingine una simu, na baada ya dakika kumi na tano anarudi kwenye mashine. Garrett akasema anaelewa, ila anahitaji mwajiri aseme hivyo.

Alipanda kwa lifti ya mizigo mpaka ofisi ya utumishi ya hoteli. Ofisa aliyekuwapo alikuwa anamfahamu miaka mingi. Mtoto wake alishawahi kulelewa na Mama Nola wakati wa likizo.

"Bi Verlene, ninachoweza kuandika mimi ni kwamba uliacha kazi Jumapili."

"Sijaacha kazi."

"Kwenye kompyuta umeacha."

"Yale mashuka ninayonyoosha ni ya nani?"

"Ya hoteli."

"Na anayenilipa?"

"Siyo sisi."

Akashuka kwa Lonnie Prejean. Huyu alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akasema yeye haruhusiwi kuandika barua ya aina hiyo. Mambo ya ajira yanashughulikiwa Houston. Akampa namba ya kupiga.

Namba hiyo ilipokelewa na mashine. Mashine iliomba namba ya utumishi. Verlene hakuwa nayo. Ili aipate, mashine ilisema, aingie kwenye tovuti ya kampuni. Aliingia jioni kwa simu ya mama yake, na tovuti ikamwomba namba ya utumishi.

"Nilikaa kitandani nikaangalia ukuta," anasema. "Mama akaniuliza kuna nini. Nikamwambia, Mama, nahisi nimekufa, ila wamesahau kunizika."

Ijumaa ikaja, ikapita. Verlene alikuwa ameomba ruhusa siku hiyo, kwa hiyo hata mshahara wa siku aliukosa. Jioni Renella akapiga, na safari hii uchangamfu wake haukuwapo. Mkataba wa mauziano umefika mwisho wake, alieleza, na usipoongezwa muda kwa saini ya Bwana Hollis kufikia Jumanne, mzee yuko huru kumuuzia mwingine. Na mwingine yupo. Mkwe wa mzee amempata tajiri wa Texas mwenye pesa taslimu, anayetaka kuigawa nyumba vyumbavyumba apangishe mafundi wa mitambo.

Verlene akasema atakwenda kumwona mzee mwenyewe. Renella akamkataza kabisa. Mnunuzi na muuzaji wanaongea kupitia kwa madalali wao, kuna utaratibu.

"Nikamwambia, dada yangu, utaratibu ndio ulionifikisha hapa."

Jumamosi asubuhi alikwenda, na Mama Nola hakukubali kubaki. Hollis Authement alifungua mlango akiwa amevaa soksi. Nyumba nyuma yake ilikuwa tupu, sauti inarudi. Kitanda, meza, jokofu na televisheni vilikuwa vimeshatangulia Lafayette kwa lori siku ya Alhamisi, kwa kuwa na yeye aliambiwa ni Ijumaa. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha kukunja cha kwenda nacho kuvua samaki, na mgongo haukumruhusu kusimama wima.

Hakuwakaribisha kukaa, maana hapakuwa na pa kukaa. Verlene akamweleza yote, wamesimama palepale sebuleni. Mzee alisikiliza huku ameshika kiuno.

"Kwa hiyo unataka niendelee kulala juu ya turubai wiki mbili nyingine," akasema.

"Ndiyo, Bwana Hollis."

"Kazi unayo au huna?"

"Ninayo. Wao ndio hawaioni."

Mzee akajiegemeza ukutani. Akaanza kusimulia, si kwa haraka, kwamba yeye alifanya kazi kwenye meli moja miaka ishirini na mitatu. Katika miaka hiyo kampuni ilibadilisha jina mara nne. Kila mara walikuja watu bandarini wakapaka jina jipya ubavuni, na kila mara pensheni yake ikapotea, ikabidi aanze upya kuitafuta ofisi baada ya ofisi. Injini ilikuwa ileile. Mkono wa kuitia mafuta ulikuwa uleule.

"Marehemu mke wangu alikuwa akisema, Hollis, siku moja watakupaka na wewe rangi," akasema.

Alimpigia mkwe wake wakiwa hapohapo, akamwambia anaongeza wiki mbili. Walisikia mkwe akipandisha sauti upande wa pili. Mzee akaisogeza simu mbali na sikio, akasubiri, akairudisha, akasema nyumba bado ina jina lake, kisha akakata.

Halafu akawageukia. "Tatizo ni chakula. Sufuria zimekwenda Lafayette."

"Sufuria ninazo," akasema Mama Nola. "Nitakuletea kila siku. Ila usije ukaniambia habari za nyanya kwenye mchuzi wangu wa gumbo."

"Mke wangu alitia nyanya."

"Mungu amrehemu. Mimi sitii."

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa wiki mbili, Mama Nola alibeba chakula kusini mwa reli kila mchana, leo gumbo, kesho maharage mekundu na wali, Ijumaa samaki kwa sababu ya Kwaresima. Alikwenda na viti viwili vya plastiki vya kwao, na kila jioni alirudi na malalamiko. Mzee anakula polepole. Mzee amesema wali umeshikana. Mzee hajui kuwa mdudu yule anayetoboa mbao ya kibaraza ni nyuki, amemwita nzi. Verlene anasema hakuwahi kumwona mama yake amechangamka vile tangu kimbunga.

Yeye mwenyewe hakuwa na uchangamfu. Garrett alikuwa amesema kwamba benki itakubali hati ya kwanza ya mshahara kutoka kampuni mpya, pamoja na neno la mwajiri. Mshahara wa kwanza ulitoka Ijumaa ya pili, siku nne kabla ya muda ule wa nyongeza kwisha. Verlene alipoifungua hati alikuta imeandikwa jina la mtu aitwaye Laverne Verlene.

Aliituma hivyohivyo, akitumaini. Garrett akapiga akasema hawezi kuipokea, kwa sababu kwenye faili lake hakuna mtu wa jina hilo. Anakumbuka kwamba na kijana mwenyewe alisikika amechoka. Alimwambia, kwa sauti ya chini, kwamba angependa jambo hili limalizike kuliko hata yeye.

Lonnie Prejean, alipoonyeshwa, alisema jina litarekebishwa kwenye mshahara ujao. Mshahara ujao ulikuwa baada ya wiki mbili.

"Hapo nilinyamaza," anasema Verlene. "Nilikuwa nimeshapiga kelele zangu zote. Nikarudi kwenye mashine nikashika shuka."

Ilikuwa Ijumaa ile ile, kabla ya saa nne asubuhi. Hoteli ilikuwa imejaa mpaka paa kwa ajili ya mashindano ya kuvua samaki, na toroli za mashuka zilikuwa zimepanga foleni mpaka nje ya mlango. Thuy alikuwa upande wake wa kawaida. Alimwangalia Verlene usoni, akaweka chini pembe zake mbili za shuka, akanyoosha mkono akabonyeza kitufe chekundu.

Wanaofanya kazi pale wanasema hawakuwahi kujua kwamba chumba kile kinaweza kuwa kimya. Wanawake kumi na wawili waligeuka. Lonnie Prejean alitoka ofisini mwake akiuliza mashine imeharibika nini.

"Mashine ni nzima," akasema Thuy. "Sisi ndio hatuna kazi. Benki imesema."

Lonnie akacheka kidogo, akaona anacheka peke yake. Mama mmoja wa upande wa taulo akaacha kukunja, akakaa juu ya toroli. Wa pili akafuata. Mmoja akatoa chungwa mfukoni akaanza kulimenya.

"Bi Verlene, tafadhali, waambie," akasema Lonnie.

"Niwaambie mimi nani? Humu simo. Kuna Laverne, muulize yeye."

Ghorofa za juu zilianza kupiga simu kuuliza mashuka yako wapi. Lonnie alisimama, akaangalia toroli, akawaangalia wanawake, kisha akatoa simu yake mwenyewe kwenye mfuko wa shati, akatafuta namba, akapiga. Alimtaja mtu kwa jina lake la kwanza. Alieleza. Akasema, hapana, siyo wiki ijayo, sasa hivi. Yai lisingewahi kuiva kwa muda aliotumia.

Kabla ya saa ya chakula, mkuu wa mishahara kule Houston alikuwa ameshaiandikia benki: Verlene Lavergne ni mwajiriwa wao, ana kazi ya kudumu, na jina limekosewa na wao wenyewe.

Thuy aliwasha mashine. Verlene alikwenda chooni akafunga mlango.

"Watu wanadhani nililia kwa furaha," anasema. "Nililia kwa hasira. Wiki mbili na nusu Lonnie ananitazama kwa huruma, na namba anayo mfukoni. Si afadhali angekuwa mtu mbaya? Mtu mbaya ningemgombeza nikapoa."

Lonnie Prejean hakatai. Akiwa ameketi kwenye ofisi yake ndogo yenye harufu ya sabuni ya unga, anasema kwamba namba ile alipewa kwa dharura za mitambo tu, na alionywa asiitumie kwa jambo jingine. Na yeye ana watoto wawili na alikuwa na majuma matatu tu kazini.

"Niliogopa," anasema. "Nilipopiga nikadhani nafukuzwa. Hawakunifukuza. Waliniuliza tu kwa nini sikupiga mapema."

Jumanne iliyofuata, siku ya mwisho ya nyongeza, walikutana kwenye ofisi ya wakili anayesimamia mauziano. Verlene alikuwa ameamka mapema akaenda kuikagua nyumba mara ya mwisho, kama inavyotakiwa, akafungua kila bomba na kuwasha kila taa, akiwa na uhakika kwamba kitu kitakuwa kimeharibika. Hakuna kilichokuwa kimeharibika. Anasema jambo hilo lilimtia wasiwasi kuliko yote.

Mezani, Garrett alikuwapo. Kumbe alikuwa kijana mfupi, mwenye masikio makubwa, tofauti na sauti yake. Mkwe wa mzee alikuwapo pia, akiangalia saa. Renella alishika karatasi na kuzisukuma moja baada ya nyingine. Verlene alitia saini mpaka saini yake ikawa kama nyayo za kuku. Kwenye ukurasa mmoja alitakiwa kuandika mwajiri wake. Aliweka kalamu chini, akamuuliza Garrett aandike jina lipi.

"Andika la leo, Bi Verlene," akasema Garrett.

Haikufika saa nzima. Hollis Authement, katika shati lake la kanisani, alimpa ufunguo, akamweleza kwamba mlango wa jikoni huvimba wakati wa mvua na dawa yake ni kuusukuma kwa goti, si kwa bega. Kisha akampungia Mama Nola, aliyekuwa amengoja nje akikataa kuingia mpaka mambo yaishe, akaingia kwenye gari la mkwe. Alisafiri amepakata sufuria mbili za gumbo. Moja, ndogo, ilikuwa nyekundu kiasi. Mama Nola, alipoulizwa na mwandishi, alisema hizo ni pilipili.

Sasa ni Juni. Verlene na mama yake wamekaa majuma tisa kusini mwa reli. Malipo ya mwezi, pamoja na bima, ni dola 1,390, zaidi kidogo ya kodi ya kule walikotoka, na ili yatoshe anafanya zamu moja ya ziada kila Jumamosi ya pili. Anasema anayamudu, ingawa gari halitakiwi kuharibika mwaka huu.

Wiki ya tano aliletewa barua. Benki ilikuwa inamjulisha kwamba mkopo wake umeuzwa kwa benki nyingine, ya jimbo ambalo hajawahi kufika, na kuanzia mwezi ujao asimlipe Garrett, awalipe hao. Akikosea akailipa benki ya zamani, atatozwa faini. Alimpigia Garrett kumuuliza kama ni utani. Akaambiwa Garrett hayupo tena, amehamia kampuni nyingine.

Thuy naye ameanza. Ameona nyumba ndogo karibu na kanisa lake, na Jumanne ijayo ana miadi na ofisa mikopo. Ameomba Verlene amsindikize. Verlene alimjibu kwamba afadhali aingizwe yeye kwenye mashine ya pasi, kisha akaomba ruhusa ya siku hiyo.

Mpango wake mwenyewe ni kulipa kidogo cha ziada kila mwezi, hata dola mia, ili miaka thelathini ya mkopo ipungue ifike ishirini na mbili, naye aache kazi akiwa bado anaweza kunyanyua mikono. Kabla ya msimu wa vimbunga kukolea, kaka yake anakuja kufunga mbao za madirisha. Bwana Hollis ameshapiga simu mara mbili kutoka Lafayette kuuliza nani anapika siku hiyo.

Kuhusu barua ya benki mpya, ameibandika kwenye mlango wa jokofu ili asikosee pa kulipia. Anapoulizwa kama haimtii hofu, deni lake kuuzwa hivyo kwa watu asiowajua, anaitazama kwa muda, amesimama jikoni kwake na kitambaa cha vyombo begani.

"Deni na lihame linavyotaka," anasema. "Mimi sihami tena."